Nguva wa Shaba: Jina, Fani na Umiliki katika Sanamu Moja ya Wangechi Mutu

Utangulizi

Uhakiki wa sanaa katika Kiswahili umeshughulika kwa muda mrefu na ushairi, riwaya, tamthilia na ngano, ukaziacha sanaa za kuchonga na za kusubu mikononi mwa wahakiki wa lugha nyingine. Mgawanyo huu una sababu yake. Ngano na mashairi hujengwa kwa maneno, na maneno ndiyo kazi ya idara za lugha, sanamu haineni. Lakini hoja hiyo haitoshi pale sanamu inapochukua kiumbe na kisa kutoka katika Kiswahili, ikavipeleka katika kumbi za maonyesho za ng'ambo, kisha ikatolewa kwa wakusanyaji wa sanaa pamoja na maelezo yaliyoandikwa kwa lugha nyingine. Hapo suala la sanamu huwa ni suala la lugha vile vile.

Makala haya yanachunguza sanamu ya shaba nyeusi iitwayo Water Woman, yaani Mwanamke wa Maji, iliyotengenezwa na Wangechi Mutu mwaka 2017. Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasoma Nairobi na Wales, kisha Marekani, ambako alihitimu shahada ya uzamili katika uchongaji kwenye Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2000. Sifa yake ya kwanza aliipata kwa kolaji, yaani picha zilizounganishwa kwa vipande vya magazeti ya mitindo na vielelezo vya vitabu vya utabibu. Shaba aliigeukia baadaye, na kazi yake iliyojulikana zaidi katika madini hayo ni zile sanamu nne za wanawake walioketi ambazo ziliwekwa Septemba 2019 katika uso wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ndani ya vishubaka vilivyokuwa vitupu tangu jengo hilo lilipokamilishwa mwaka 1902.

Hoja ya makala haya ni kwamba Water Woman ni kazi yenye nguvu kwa sababu umbo lake linamnyima mtazamaji kile alichozoeshwa kukitarajia kwa wanawake wa baharini. Hata hivyo, jina la Kiingereza ambalo sanamu imepewa linakirudisha kile kile ambacho umbo limekikataa. Shaba inasema jambo moja, na jina linasema jingine.

Jina

Kabla ya sanamu hii palikuwa na maonyesho. Mwaka 2014 Mutu alionyesha kazi zake katika ukumbi wa Victoria Miro, London, chini ya anwani ya Kiswahili: Nguva na Nyoka. Maonyesho hayo yalikuwa na kolaji, sanamu na filamu, na kiumbe aliyeyatawala alikuwa nguva. Hivyo Water Woman si mgeni katika kazi za msanii huyu. Ni nguva yule yule, ila sasa amesubiwa kwa shaba na kubadilishwa jina.

Katika tafsiri ya Kiingereza iliyoandamana na maonyesho ya London, nguva aligeuzwa kuwa "siren". Neno hilo lina historia yake. Linatoka kwa Wayunani wa kale, ambao walisimulia juu ya viumbe wa kike walioketi kando ya bahari na kuimba ili mabaharia wapotee njia, meli zao zivunjike na wenyewe waangamie. Katika kisa hicho sauti ya mwanamke ni mtego, uzuri wake ni hila, na mwanamume ni mhanga. Wanasayansi wa Ulaya nao, walipoainisha wanyama wa aina ya nguva, waliliita kundi zima Sirenia kwa kufuata kisa hicho hicho. Matokeo yake ni kwamba anayetafsiri nguva kwa neno hilo hudhani amempa msomaji maana, kumbe amempa hekaya ya watu wengine.

Maana ya neno la Kiswahili ni tofauti, na tofauti hiyo inaonekana katika mambo matatu. Kwanza, nguva ni mnyama kabla hajawa hekaya. Ni mnyama mkubwa wa baharini anayenyonyesha, anayekula nyasi zinazoota chini ya bahari kwenye maji mafupi, na ambaye hana budi kupanda juu kila baada ya muda mfupi ili avute pumzi. Visa vinavyomhusisha na binadamu vimejengwa juu ya mambo ambayo mvuvi anaweza kuyaona kwa macho yake: matiti yaliyo karibu na makwapa, mtoto anayenyonya, kichwa kinachochomoza majini na kuzama tena. Pili, neno lenyewe halina jinsia. Nguva dume ni nguva, na nguva jike ni nguva. Lugha haikumfanya mwanamke kwanza na mnyama baadaye. Tatu, nguva ni wa bahari. Hapandi mito wala haishi katika maziwa ya maji baridi.

Jina Water Woman linayafuta yote matatu. Linamweka mwanamke mahali pa mnyama, linamfunga katika jinsia moja, na linaweka maji ya aina yoyote mahali pa bahari. Si ajabu, basi, kwamba mahali ambapo sanamu hii imejulikana zaidi ni Laguna Gloria, bustani ya jumba la sanaa la The Contemporary Austin huko Texas, ambako ilionyeshwa mwaka 2017 karibu na ukingo wa Ziwa Austin. Ziwa hilo limetokana na mto uliozuiwa kwa bwawa, na maji yake hayana chumvi. Mwanamke wa Maji anaweza kukaa hapo bila swali. Nguva akikaa hapo ni kiumbe aliyetolewa kwao, na kila anayelijua neno atalitambua jambo hilo mara moja. Maana hiyo nzito imo katika sanamu, lakini jina limeifunika.

Fani

Sanamu inamwonyesha kiumbe aliyeketi. Kiwiliwili chake ni cha mwanamke, na kuanzia kiunoni mwili unageuka kuwa mkia. Kimo chake hakifiki mita moja, ilhali mkia unamfanya aenee chini kwa zaidi ya mita moja na nusu. Vipimo hivi si jambo dogo, kwani mtazamaji mzima aliyesimama mbele yake hulazimika kuinamisha macho.

Jambo hili litaeleweka vyema likilinganishwa na sanamu za shaba ambazo wakazi wa Nairobi wamezizoea. Mwaka 1973 sanamu ya Rais Jomo Kenyatta, kazi ya mchongaji Mwingereza James Butler, iliwekwa katika uwanja wa Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta. Naye pia ameketi, lakini ameketi juu, kwa ukubwa unaozidi wa binadamu, na anayemtazama hana budi kuinua shingo. Mwaka 2007 ilifuata sanamu ya Dedan Kimathi, na mwaka 2011 ile ya Tom Mboya. Katika jiji hilo shaba imekuwa kwa kiasi kikubwa madini ya wanaume wa taifa, na kazi yake imekuwa kuwainua juu ya wapita njia. Mutu ameyachukua madini hayo hayo akayashusha chini. Aliyesubiwa hapa hana cheo, hana silaha, hana tarehe ya kuzaliwa wala ya kufa. Uzito wa shaba, ambao kwa kawaida hutumika kusema kwamba mtu fulani hatasahauliwa, umepewa kiumbe ambaye historia ya dola haikumwandika kamwe.

Msanii pia amefanya kazi kubwa kwa kuacha. Katika picha nyingi za wanawake wa majini, kioo na chanuo ni vitu vya lazima; kwa vitu hivyo mtazamaji hujua kwamba anayemwona anajipamba, na kwamba anajipamba kwa ajili ya macho ya watu. Water Woman hana kioo wala chanuo. Hapana jahazi linalomkaribia wala baharia anayempungia mkono. Ametulia kwa namna ya mtu aliyepumzika baada ya kazi, si kwa namna ya mtu anayengoja kutazamwa. Hapa ndipo umbo linapoachana na kisa cha Wayunani. Mtego umeondolewa, akabaki kiumbe mwenyewe.

Rangi nayo ina mchango wake. Shaba nyeusi ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati, na ikitoka katika kalibu huwa na rangi ya kahawia inayong'aa. Weusi wa sanamu hii haukuja wenyewe, bali ulitafutwa kwa dawa zinazopakwa juu ya madini yaliyopashwa moto. Uamuzi huo unapata maana zaidi ukilinganishwa na michoro ya Kongo. Katika miaka ya 1970, katika miji ya machimbo kama Lubumbashi ambako Kiswahili ndicho lugha ya mitaani, wachoraji walimchora kwa wingi kiumbe aitwaye Mamba Muntu, nusu mwanamke nusu samaki. Mara nyingi walimpa ngozi nyeupe au nyeupe kidogo, nywele ndefu zilizonyooka, saa mkononi, na nyoka kando yake. Alikuwa picha ya utajiri unaotoka mbali, na rangi yake ilitangaza umbali huo. Kwa kumpa nguva wake weusi uliokoza, Mutu amekataa kumfanya mgeni mwenye mali. Amemrudisha nyumbani kwa ngozi, hata kama jina limemwacha nje.

Pana dosari moja katika fani ambayo haifai kupitwa kimya. Wororo wa shaba hii umekamilika mno. Katika kolaji za Mutu, mipaka ya vipande huonekana, nao mtazamaji huhisi kwamba mwili umeungwa kwa nguvu na huenda umeumia. Katika shaba mwanamke na mkia wameunganishwa bila mshono, na maumivu ya kuwa viumbe wawili katika mwili mmoja yamepotelea katika mng'ao. Sanamu inapendeza kwa wepesi unaotia shaka. Kitu kinachopendeza hivyo huingia kwa urahisi katika bustani ya tajiri bila kuibughudhi bustani hiyo.

Kusubu na umiliki

Shaka hiyo inaongoza kwenye suala la umiliki, na hapa ni lazima kueleza kwa ufupi namna sanamu za aina hii zinavyotengenezwa. Njia iliyoenea ni ile ya nta. Msanii hufinyanga umbo kwa udongo au kitu kingine laini; kutokana na umbo hilo hupatikana kalibu; ndani ya kalibu hutengenezwa umbo la nta lenye uwazi katikati; nta hufunikwa kwa udongo mgumu, kisha huyeyushwa kwa moto ikatoka; na pale nta ilipokuwa, humiminwa shaba iliyoyeyuka. Udongo huvunjwa, na shaba husuguliwa na kutiwa rangi.

Ufundi huu si mgeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Siwa ya Lamu, baragumu kubwa ya madini iliyopigwa katika sherehe za watawala na watu wa nasaba, ilisubiwa kwa njia hiyo hiyo karne kadhaa zilizopita, nayo imehifadhiwa katika makumbusho ya mji huo pamoja na siwa ya pembe ya ndovu ya Pate. Tofauti haimo katika ufundi, bali imo katika idadi na katika mwenyewe. Siwa ilikuwa moja, na ilikuwa ya mji. Hakuna aliyeweza kuinunua na kuiweka sebuleni. Sanamu ya shaba ya leo haiko hivyo. Kwa kuwa kalibu ya kwanza hubaki, umbo moja linaweza kutoa sanamu kadhaa, na soko la sanaa limeweka desturi ya kuzihesabu na kuzipa nambari. Ufaransa, kwa mfano, hutambua sanamu zisizozidi 12 za umbo moja kuwa ni kazi asilia, 8 za kuuzwa na 4 za msanii. Uchache huu haukutokana na madini, kwani shaba ingeweza kumiminwa mara mia. Uchache umewekwa kwa makusudi ili bei isimame. Anayenunua hununua umbo, na pamoja na umbo hununua ahadi kwamba wengine hawatalipata.

Mamba Muntu wa Lubumbashi aliuzwa kwa desturi tofauti kabisa. Picha zake zilichorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga, zikanunuliwa na wafanyakazi na makarani kwa fedha waliyoweza kuimudu, zikatundikwa katika vyumba vya kupokelea wageni. Mchoraji alimchora tena na tena kwa kila aliyemtaka, na wingi huo haukumpunguzia mtu yeyote thamani ya picha yake, kwani thamani yake ilikuwa katika mazungumzo. Mgeni aliiona, akauliza, akasimuliwa juu ya mtu fulani aliyepata unywele wa Mamba Muntu na kutajirika kwa sharti la kutunza siri. Jimbo lenyewe, kuanzia mwaka 1971 hadi 1997, liliitwa Shaba kwa neno la Kiswahili. Katika jimbo lililobeba jina la madini haya, mwanamke wa majini alikuwa wa kitambaa na rangi, naye alikuwa wa watu. Aliposubiwa kwa shaba akawa wa wachache.

Haifai kumlaumu Mutu kwa hali ya soko. Kusubu kwa shaba ni kazi ghali, na bila wanunuzi wenye uwezo sanamu hii isingekuwapo. Isitoshe, makumbusho na bustani zilizo wazi kwa umma zimeiwezesha kuonwa na watu wasio matajiri. Kinachodaiwa hapa ni kidogo zaidi, nacho kilikuwa ndani ya uwezo wa msanii: jina. Soko linaweza kuhesabu maumbo, lakini haliwezi kuhesabu neno. Neno nguva lingeandamana na kila moja ya sanamu hizo popote iendapo, likimlazimisha mmiliki na mgeni wake kuuliza, na swali hilo lingewarudisha kwa wavuvi, kwa mnyama, na kwa bahari.

Huenda pakatolewa hoja kwamba mnunuzi wa ng'ambo hawezi kulitamka wala kulielewa jina la Kiswahili. Hoja hiyo inapingwa na kazi za Mutu mwenyewe. Aliwapa watu wa London anwani ya Kiswahili nao wakaja. Mwaka 2019 aliziita sanamu zake mbili za shaba Shavasana, neno la Kisanskriti, na mwaka 2022 akaiita nyingine Nyoka. Hapana ushahidi kwamba sanamu hizo zilikosa heshima kwa sababu ya majina yao. Tena, kitendo cha kuiita sanamu Nyoka kinaonyesha kwamba msanii anajua thamani ya neno. Ndiyo maana inasikitisha kwamba nguva, kiumbe aliyekuwa wa kwanza katika anwani ya 2014, ndiye aliyepoteza jina.

Neno na kiumbe

Jambo hili lingekuwa dogo kama nguva wa baharini wangekuwa wengi. Sivyo ilivyo. Mwaka 1967 iliripotiwa kwamba kundi la nguva wapatao 500 lilionekana karibu na pwani ya kusini ya Kenya. Hesabu zilizofanywa kwa ndege katika miaka ya 1990 ziliona wachache sana. Mwaka 2022 nguva wa pwani ya Afrika Mashariki walitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na kundi pekee linalohesabiwa kuwa na matumaini ya kudumu liko Bazaruto, Msumbiji. Chanzo kikubwa ni nyavu, hasa jarife, ambazo hutegwa kwa ajili ya papa na samaki wakubwa. Nguva akinaswa humo hashindwi kwa jeraha. Hushindwa kupanda juu kuvuta pumzi, akafa maji katika bahari yake mwenyewe. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa kipindi cha miaka kadhaa, na kwa hivyo kila anayekufa huchukua muda mrefu kupata wa kushika nafasi yake.

Katika hali hiyo mtoto wa Lamu au wa Kilwa anaweza kulijua neno nguva bila kumwona nguva hata mara moja maishani mwake. Neno hubaki kwa muda baada ya kitu kutoweka, lakini hubaki likiwa jepesi, tayari kujazwa maana yoyote itakayokuja. Mnyama akitoweka kabisa, nguva watakaobaki ni wa filamu, wa vitabu vya hadithi vilivyotafsiriwa, na wa shaba. Kati ya hao, nguva wa Mutu ndiye aliye karibu zaidi na yule wa kweli: ni mzito, mweusi, ametulia, na hamwindi mtu. Angeweza kuwa kumbukumbu yake. Kumbukumbu isiyo na jina la anayekumbukwa ina upungufu ambao ustadi wa mkono hauwezi kuuziba.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Water Woman imefaulu kifani katika mambo matatu: imeyashusha madini ya watawala hadi usawa wa ardhi, imeuondoa mtego wa kisa cha Wayunani, na imempa kiumbe wake rangi isiyoazimwa. Imeonyesha udhaifu katika wororo unaoficha mshono wa viumbe wawili, na imepoteza sehemu kubwa ya maana yake kwa kuliacha jina lililoizaa.

Upungufu wa jina, tofauti na upungufu wa shaba, unaweza kurekebishwa bila tanuri. Wahakiki wa Kiswahili wana nafasi yao hapa, na ni nafasi ambayo wahakiki wa masoko ya sanaa hawawezi kuishika kwa niaba yao. Orodha za wauzaji zitaendelea kuandika vipimo, mwaka, madini na nambari ya sanamu. Anayeandika kwa Kiswahili anaweza kuongeza kile kisichomo katika orodha hizo, kwanza kwa kumwita huyu aliyeketi kwa jina lake, nguva, na kisha kueleza ni nguva yupi, wa bahari ipi, na wamebaki wangapi.